Mkalimani Aliyeachiliwa

Watu wa Kiirua walimwita mume wangu Koti. Kwetu, koti ni vazi na koti ni mahakama, na yeye alikuwa na yote mawili. Alifanya kazi mahakamani tangu ujana hadi alipostaafu, na hata alipokuwa akichimbua viazi shambani alivaa koti la suti, kuukuu lakini lililopigwa pasi. Nilimwambia mara nyingi kwamba suti si vazi la shambani. Alinijibu kwamba viazi navyo vinastahili heshima.

Jina lake halisi lilikuwa Julius Muthamia. Ninaandika habari zake kwa ajili ya wajukuu wetu, na pia kwa ajili ya wale waliokula chakula katika mazishi yake kisha wakaenda kuuliza sokoni jinsi alivyokufa. Nyumba yetu haijawahi kuwa ya kusemwa sokoni. Nitaeleza mimi mwenyewe, niliyekuwapo, ili asiyejua asiwe na haja ya kubuni.

Miaka michache baada ya uhuru aliajiriwa mahakamani Meru kama karani mkalimani. Mimi nilikuwa mwalimu mwenye cheti, na alipokuja nyumbani kwetu kuniposa, baba yangu alimwuliza kazi yake ni ipi hasa.

"Mtu akisema kwa Kimeru, mimi nasema kwa Kiswahili na Kiingereza," alijibu.

"Kwa hiyo unalipwa kurudia maneno ya watu," baba alisema. "Hapa kwangu wanawake wanaifanya kazi hiyo bure."

Muthamia alicheka kuliko watu wote waliokuwa pale. Nadhani baba alimkubali kwa sababu ya kicheko hicho.

Baadaye alihamishiwa Siakago, kwa Wambeere, kwenye joto na vumbi, nami nikapata nafasi ya kufundisha karibu. Kimbeere alijifunza sokoni, kwa kununua vitu ambavyo hatukuvihitaji. Tulikuwa na vibuyu vingi kuliko familia yoyote ya mtumishi wa serikali. Lakini baada ya muda, wazee wa Siakago walikuwa wakisema kwamba wakifumba macho hawawezi kujua kama ni Mmeru anayesema.

Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja. Mshtakiwa akisema, mkalimani naye husema "mimi". Hasemi "anasema kwamba". Kanuni hiyo ilimletea aibu katika kesi ya kijana mmoja aliyeitwa Runji, aliyeshtakiwa kwa wizi wa mbuzi. Runji alijitetea kwa Kimbeere, na mume wangu akasimama wima katika koti lake na kumwambia hakimu kwa Kiswahili, "Mimi sikumwiba huyo mbuzi. Nilimkuta ndani ya mtama wangu, akiwa ameshakula nusu ya mstari."

Mzee mmoja aliyeketi nyuma akauliza kwa sauti, "Huyu karani naye alikuwa na mtama?"

Mahakama yote ilicheka. Hakimu aligonga meza, lakini naye alikuwa ameinamisha uso.

Jioni hiyo nilimwuliza kwa nini hasemi tu "mshtakiwa anasema hivi na hivi", ajiondolee kicheko.

"Cicily," aliniambia, "nikisema 'anasema kwamba', nimejiweka katikati. Hakimu anaanza kunisikiliza mimi. Mtu akishakupa mdomo wake, unautumia kama alivyokupa. Huongezi, hupunguzi."

Kulikuwa na mahali pamoja tu ambapo aliongeza. Hakimu alipomaliza kesi kwa kumwachilia mshtakiwa, mume wangu alimgeukia mtu huyo kizimbani na kumwambia kwa lugha yake, "Umeachiliwa. Nenda nyumbani." Sehemu ya pili hakimu hakuisema. Aliiongeza yeye, kwa sababu alikuwa ameona watu wakibaki kizimbani wakitetemeka, wasijue kwamba wana ruhusa ya kuondoka. Hakuna hakimu aliyewahi kumkemea kwa hilo.

Runji aliachiliwa. Tangu siku hiyo, kila baada ya mavuno, alitutafuta popote tulipokuwa na kutuletea ndengu na asali. Hakumwita mume wangu Koti wala Karani. Alimwita Mdomo Wangu.

Alipostaafu tulirudi Kiirua. Alilima viazi, akafuga ng'ombe wa maziwa, na mmoja wao akampa jina Hakimu, kwa sababu ng'ombe huyo alimfanya kila mtu asubiri. Hakutoa maziwa mpaka apende, na akicheleweshewa chakula alilalamika mpaka barabara ya Nanyuki. Kanisani kwetu, Methodisti, mume wangu aliwatafsiria wageni mahubiri, na mhubiri akisema "mimi ni mwenye dhambi", yeye pia alisema "mimi ni mwenye dhambi". Bundi, mdogo wake, alizoea kumnong'oneza kutoka kiti cha mbele, "Hapo umesema kweli."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Dada yangu Marcella alifariki Nairobi baada ya kuwekwa kwa muda mrefu kwenye mashine ya kupumulia. Tulikwenda kumwona. Alikuwa amevimba, na mikono imefungwa kitandani asivute mipira, na hakuna aliyejua kama anatusikia. Tuliporudi nyumbani, mimi na binti yetu Karwirwa tulikuwa tukimenya viazi jikoni, na Muthamia akaingia akasimama mlangoni.

"Nataka mnisikie nyote wawili," alisema. "Mashine ikiwa inanisaidia kurudi, niwekeni. Ikiwa inanizuia njiani, niondoeni. Nataka kuondoka nikimsikia Hakimu akilalamika."

Karwirwa alimwambia kwamba kwa jinsi Hakimu alivyo, atamsikia hata akiwa mbinguni. Mimi nilimwambia asizungumze habari za kifo mbele ya chakula. Tukala, na jambo hilo halikutajwa tena.

Kiharusi kilimpata asubuhi moja akiwa kwenye zizi. Tulimkuta amelala kando ya ndoo, koti likiwa limelowa maziwa. Hospitali kubwa mjini ilimpokea na kumwingiza katika chumba cha wagonjwa mahututi, na mashine ikaanza kupumua kwa niaba yake.

Sina neno baya la kusema juu ya watu wa chumba kile. Walimpigania. Daktari Gitari, Mwembu mpole mwenye sauti ndogo, alitueleza kila hatua. Muuguzi Nelius, mtu wa Siakago, aliposikia kwamba Mzee aliwahi kuishi kwao, alianza kumsemesha kwa Kimbeere kabla ya kumgusa. "Sasa ninakugeuza, baba. Sasa ninakuosha uso." Hakujibiwa hata siku moja, wala hakuacha kusema. Namshukuru mpaka leo.

Lakini hakuamka. Damu ilikuwa imeharibu sehemu kubwa ya ubongo. Kisha mapafu yakashikwa na nimonia, na figo zikaanza kulegea. Tulizoea kutazama mistari kwenye kioo cha mashine kama watu wanaosubiri mvua.

Siku moja mimi na Karwirwa tulikuwa tumetoka kunywa chai. Daktari Gitari alimkuta Bundi peke yake kwenye ukumbi. Kwa kuwa Kiembu na Kimeru vinakaribiana lakini si lugha moja, walizungumza Kiswahili. Daktari alimwambia hivi, na baadaye wote wawili walikubaliana kwamba ndivyo alivyosema: "Tumefanya yote. Tunaona wakati umefika wa familia kufikiria kumwachilia Mzee. Mwambie Mama tukutane."

Yeyote aliyewahi kulaza mgonjwa kwetu anajua neno hilo. Mgonjwa akipona na kuruhusiwa kwenda nyumbani, tunasema ameachiliwa. Halina maana nyingine mdomoni mwa daktari. Bundi alimshika Gitari mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru mpaka daktari akashangaa, kisha akatoka nje na kumpigia simu mkewe Kiende.

Nilimkuta langoni, uso unang'aa.

"Mwalimu, leta nguo zake," aliniambia. "Ndugu yangu ameachiliwa."

"Nani amesema?"

"Daktari mwenyewe. Mimi nilisema mtu wa mahakama hawezi kufungwa muda mrefu."

Nilikuwa na suti yake kwenye gari. Nilikuwa nimeipiga pasi nikaja nayo tangu mwanzo, bila kumwambia mtu, kwa sababu sikutaka atoke hospitalini akiwa amevaa kama mtu asiye na mke. Niliichukua mkononi nikapanda ngazi karibu kwa kukimbia, mimi mwanamke wa umri wangu. Daktari Gitari aliiona suti ile kabla ya kuniona mimi. Nilipomtazama usoni nikajua kwamba neno limetupoteza njia.

Alituingiza katika chumba kidogo chenye viti. Mwirigi, mwanangu wa kwanza, ambaye ni mhasibu Nairobi, alikuwa amefika. Tulikuwa wanne na daktari, na Nelius akasimama karibu na mlango. Gitari aliomba radhi kwa neno lake, kisha akasema wazi. Mashine haikuwa ikimtibu Mzee tena. Ilikuwa ikisukuma hewa ndani ya mwili uliokuwa unafunga kazi zake. Wangeweza kuendelea, na angekufa kwenye mashine, labda baada ya siku kadhaa, labda baada ya majuma. Au wangeiondoa, wampe dawa ya kumtuliza asihisi kukosa pumzi, na kuacha ugonjwa uende mwendo wake.

Bundi alifunika uso. "Nimeshawaambia anakuja," alisema. "Kiende amechinja mbuzi. Wanawake wa kanisa wanafagia uwanja sasa hivi."

"Basi haiwezekani kabisa," Mwirigi alisema. "Mama, fikiria. Asubuhi tunatangaza kwamba amepona, jioni tunatangaza kwamba amekufa. Watasema tulimzima baba kama taa. Watasema ni kwa sababu ya shamba."

Sitajifanya kwamba maneno hayo hayakunigusa. Ningeweza kuwaona watakaosema na mahali watakaposimama. Katika ukoo wa mume wangu hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa lolote, naye alikuwa akiwaambia watoto kwamba anaijua mahakama vizuri kiasi kwamba hataki jina lake lisomwe humo. Mashine ikiachwa, jina letu lingebaki safi, na neno alilolisema mlangoni mwa jikoni lingekuwa limevunjwa. Ikiondolewa, neno lake lingetimia, na sisi tungeitwa tutakavyoitwa.

"Daktari," nilimwuliza, "tukiiondoa, tutakuwa tumemuua?"

"Hapana, Mama," alisema. "Ugonjwa ndio unaomchukua. Sisi tunaacha tu kumchelewesha njiani kwa kitu kisichomsaidia. Na kumwondolea mashine si kumtelekeza. Nelius hatatoka kando yake, wala mimi." Alitutazama mmoja mmoja. "Simwulizi mtu yeyote hapa kama anataka Mzee afe. Mtoto hapaswi kujibu swali kama hilo, wala mke. Nauliza hivi: kama Mzee angeweza kuketi kwenye kiti hiki, aelewe yote niliyowaeleza, yeye mwenyewe angesema nini?"

Mwirigi alianza, "Baba alikuwa anasema kwamba…"

"Usiseme 'anasema kwamba'," Karwirwa alimkatiza. Hakuwa mkali. Alisema polepole, akitazama ile suti magotini mwangu. "Mwirigi, unajua baba alivyokuwa akisema."

Wote walinigeukia mimi. Nilisimama, kwa sababu yeye hakuwahi kutafsiri akiwa ameketi.

"Mimi Muthamia," nilisema, "nimesikia maneno ya daktari, na nashukuru. Mashine ilipokuwa inanisaidia kurudi, mliniweka. Sasa inanizuia njiani. Niondoeni. Nataka kuondoka nikimsikia Hakimu akilalamika."

Kisha Daktari Gitari akauliza kwa upole, "Hakimu ni nani?"

"Ni ng'ombe," Bundi alisema kutoka nyuma ya viganja vyake.

Karwirwa ndiye aliyeanza kucheka, Mwirigi akafuata, tukacheka hadi machozi yakawa machozi ya kweli. Mwanangu alikuja akanishika bega. "Hivyo ndivyo alivyosema?" aliniuliza.

"Hivyo hivyo. Muulize dada yako."

Karwirwa alitikisa kichwa kukubali. Nilichoongeza ni shukrani kwa daktari tu. Yeye pia alikuwa na nyongeza yake.

"Basi mimi nakubali," Mwirigi alisema. "Lakini alichotaka kiko nyumbani. Ng'ombe hayupo hapa."

Daktari alisema hawezi kuahidi kwamba Mzee angepumua peke yake vya kutosha kufika Kiirua. Mara nyingine mgonjwa huenda papo hapo, mara nyingine hukaa. Kama angetulia, Nelius angesafiri naye katika ambulensi na dawa, na kutufundisha kumtunza. Bundi akainua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Kitanda kiko tayari," alisema. "Kiende ametandika kando ya dirisha la zizi."

Mchungaji alikuja, tukaomba. Waliondoa mpira taratibu, mchana, jua likiwa limejaa chumbani. Niliinama sikioni mwake nikamwambia kwa Kimeru maneno aliyowaambia watu wengi sana: umeachiliwa, nenda nyumbani. Tulisubiri. Kifua chake kilikaa kimya kwa muda ambao sitaki kuukumbuka, kisha kikainuka chenyewe. Kikainuka tena. Nelius alimwambia kwa Kimbeere, "Vizuri, baba. Hiyo ni yako."

Kesho yake tulimpeleka nyumbani. Ambulensi ilipopinda kutoka lami, uwanja wetu ulikuwa umefagiwa vizuri kama siku ya harusi na wanawake wa kanisa walikuwa wamesimama pande zote mbili. Walikuwa wameshaambiwa ukweli. Kiende aliwaita mmoja mmoja akawaeleza, na hakuna hata mmoja aliyeondoka. Waliimba kwa sauti ya chini mpaka tulipomwingiza ndani. Naona mpaka sasa kwamba kama Bundi asingekosea, tungemleta mtu wangu kwenye nyumba baridi isiyo na mtu. Nilimwambia hivyo. Alikuwa akijilaumu sana.

"Kwa hiyo nilitafsiri vizuri," alisema.

"Ulitafsiri vibaya sana. Lakini mbuzi alikuwa mtamu."

Muthamia alikaa nasi siku chache. Nelius alituonyesha jinsi ya kumdondoshea mofini kando ya ulimi, kumlowanisha midomo, na kumgeuza asipate vidonda. Sitadai kwamba alinitambua. Sipendi watu wanaotia chumvi vitanda vya wagonjwa. Ninachoweza kusema ni kwamba mikunjo ya paji la uso wake, iliyokuwapo siku zote hospitalini, ililegea.

Runji alifika kutoka Siakago na asali yake, sasa naye akiwa mzee mwenye fimbo. Aliketi kando ya kitanda akazungumza Kimbeere kwa muda mrefu, akisimulia mvua, ndengu, wajukuu. Alipomaliza aliniuliza kama anaweza kumpa asali. Nilimruhusu ampake kidogo sana mdomoni.

"Mdomo Wangu," alimwambia, "leo mimi ndiye ninayesema, wewe pumzika."

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na ukungu kutoka mlimani, kama kawaida yetu. Watu wote walikuwa wamezunguka kitanda na hakuna aliyekumbuka kukama. Hakimu alianza kulalamika nyuma ya dirisha, kwanza kidogo, kisha kwa hasira kabisa. Karwirwa alisimama aende kumpelekea majani.

"Mwache," nilisema. "Mwache aseme."

Aliendelea kusema. Muthamia alivuta pumzi, akakaa, akavuta nyingine, na hakuvuta tena. Tulimvalisha ile suti.

Baada ya mazishi, kama Mwirigi alivyoonya, maneno yalianza. Mfanyabiashara mmoja wa kabichi alimwuliza Bundi mbele ya watu, siku ya soko hapo Kiirua, kama ni kweli kwamba tulimzimia Koti mashine.

Bundi si mtu wa maneno mengi, na tangu siku ile ya simu amekuwa wa maneno machache zaidi. Alichagua kabichi yake, akaipima mkononi, akairudisha.

"Koti haizimwi," alimjibu. "Koti huamua. Iliamua kwamba mtu aende nyumbani kwake, na akaenda."

Kiende ndiye aliyenisimulia, akihofu kwamba nitaudhika kwa mzaha juu ya jina la marehemu. Sikuudhika. Nilimwomba arudie, kisha nikampa debe la viazi ampelekee mumewe.